Barua Zilizoipa Burundi Mgongo

Mutanga Nord, Bujumbura, si mtaa ambao mtu huuendea kutafuta Wajerumani. Ni mtaa wa nyumba zilizojifungia nyuma ya kuta na mageti ya chuma, bogonvilia zimeparamia matofali, mwanafunzi wa chuo kikuu anapita na mkoba begani na mama anashuka na beseni la parachichi kichwani. Ubavuni mwake limekaa korongo la mto Ntahangwa, mto ambao kila mvua kubwa unakula ukingo na kuzisogelea nyumba za watu. Wadachi walipofukuzwa mwaka 1916 mtaa huu haukuwepo. Lakini panda hadi barabara zake za juu, kisha tazama magharibi: mji uko chini ya miguu yako, baada ya mji uwanda wa Imbo na mdomo wa Rusizi, kisha ziwa, na ng'ambo ya ziwa milima ya Uvira imesimama kama ukuta wa buluu. Sasa geuka. Vilima vya Mumirwa vinapandana, kimoja begani mwa kingine, hadi kwenye safu inayogawa maji ya Kongo na maji ya Nili, na nyuma ya safu hiyo ndiko iliko Burundi ya wafalme: Muramvya, Kiganda, Gitega. Ni mandhari hii iliyonitia shaka kuhusu namna barua za zamani za Wajerumani zinavyosomwa.

Huko Ujerumani familia nyingi zimekuwa zikifungua masanduku yaliyosahaulika darini. Ndani mna picha za watu waliovaa kofia nyeupe za jua, stempu zenye meli ya Kaizari, na bunda la barua zilizotoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Wajukuu wanataka kujua babu alikuwa nani, alikula nini, alimwogopa nani, na hiyo ni haki yao. Hoja yangu ni kwamba barua hizo hazisomeki zikibaki pale zilipopokelewa. Barua ina tabia moja ambayo kumbukumbu nyingine hazina: humtoka aliyeiandika ikaenda kukaa kwa aliyeandikiwa. Mahali ilipoandikwa hapabaki kitu. Aliyeandikiwa hapajui mahali hapo, basi hana uwezo wa kusahihisha. Aliyeandika naye huyaacha yale anayoyaona ya kila siku, na yale ya aibu. Na mtu wa tatu, aliyekuwa chumbani wakati kalamu inatembea, aliyefasiri maneno na pengine kuibeba barua yenyewe, hakuna aliyemuuliza. Kwa hiyo barua ya namna hiyo irudishwe ilikoandikwa, isomwe na wanaojua lugha za pale, na kwa Bujumbura lugha hizo ni Kirundi na Kiswahili.

Njia ya kandokando ya ziwa, kutoka Kigoma hadi Bujumbura, inaandaa fikra hizi vizuri kuliko maktaba. Kigoma, reli ilikofika Februari 1914, bado inaelea hadithi ya meli ya Graf von Goetzen: ilitengenezwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, na mafundi watatu wakiongozwa na Anton Rüter wakatumwa kuja kuiunga upya. Ilishuka majini 1915, ikazamishwa na wenyewe Julai 1916, ikaibuliwa 1924, na tangu 1927 tunaiita Liemba. Majina ya wale mafundi watatu unayapata bila taabu. Mwandishi Alex Capus amewatungia hata riwaya. Majina ya waliobeba masanduku na kushikilia mabati yakipigwa ribiti, hayo ni kazi. Ukivuka mpaka wa Manyovu lugha inabadilika kidogo tu, maana Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Kisha Nyanza-Lac, kisha Rumonge na michikichi yake, harufu ya mawese ikichemka na ndagala zikianikwa juani. Samaki ambaye Kigoma anaitwa mgebuka, huku anaitwa mukeke. Ni yuleyule, ziwa lilelile, nyama ileile tamu inayochomwa juu ya makaa; lakini anayemtafuta mukeke kwenye orodha ya Kigoma ataambiwa hayupo. Jambo hilo tutalirudia.

Kilomita chache kusini ya Bujumbura, Mugere, kuna jiwe kubwa lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya Novemba 1871. Wazungu wawili walipumzika hapo siku mbili tatu, wakaandika kwenye shajara zao, na maandishi yakageuka jiwe. Si kosa la jiwe. Ila linaonyesha kwamba karatasi ikiungwa mkono na dola huweza hata kubadili sura ya ardhi, ilhali kauli ya mdomo inabaki kwenye mdomo.

Kabla ya kwenda mbali inafaa kukiri kwamba Burundi haikuwa nchi ya walowezi wa Kijerumani. Hapakuwa na mashamba ya familia kama ya Usambara au ya miteremko ya Meru. Gavana von Götzen aliweka masharti makali kwa wageni waliotaka kuingia Ruanda na Urundi, na nchi ikatawaliwa na maofisa wachache kutoka kituo cha kijeshi cha Usumbura, kama Bujumbura ilivyoitwa wakati ule, ambacho tangu 1906 kikawa makao ya Residenti, mwakilishi wa Gavana. Waliokuwa na familia na muda wa kuandika nyumbani walikuwa hasa wamisionari. Watu wa misheni ya Neukirchen, ambao kabla ya hapo walikuwa wameshajenga vituo mtoni Tana, waliingia Burundi mwaka 1911 na kufungua vituo kama Kibimba, Musema na Muyebe. Miaka mitano baadaye vita viliwaondoa. Musema ikaja kushikwa na Wabaptisti wa Denmark mwaka 1928, Kibimba na Wakweka wa Marekani mwaka 1934, na Muyebe ikapata Wamethodisti Huru mwaka mmoja baadaye. Mjerumani anayestahili zaidi kuitwa mhamiaji alikuja baada ya ukoloni wa nchi yake kufa: Burkhart Waldecker, aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, akatafuta chemchemi ya kusini kabisa ya Nili na kuacha piramidi ndogo ya mawe Rutovu mwaka 1938. Mkimbizi asiye na dola alijenga alama inayotembelewa hadi leo. Maresidenti na vyeo vyao hawakuacha mfano wake.

Tuchukue andiko moja tulisome kwa karibu. Agosti 1902 Kapteni Robert von Beringe, mkuu wa kituo cha Usumbura, alifunga safari ya kwenda kwa mfalme Musinga wa Ruanda, kisha akaandika taarifa yake. Tazama jinsi anavyowapanga watu wake. Daktari ametajwa kwa jina. Koplo ametajwa kwa jina. Askari ni idadi: 20. Bunduki ya rashasha imetajwa. Mwishoni wanakuja wapagazi, na hao hawana jina wala idadi. Ni wapagazi tu, wale waliohitajika. Oktoba, kwenye mlima Sabyinyo, yeye na wenzake waliwapiga risasi nyani wakubwa weusi, mzoga mmoja ukapelekwa Berlin, na mwaka 1903 mwanasayansi Paul Matschie akampa mnyama huyo jina la Kapteni: Gorilla beringei. Watu wa chini ya mlima walikuwa wakimwita ingagi tangu zamani. Mwaka huohuo wa 1903 Beringe alimshambulia Mwami Mwezi Gisabo, na tarehe 6 Juni, huko Kiganda, mfalme akakubali mapatano na faini ya ng'ombe 424. Si 400, si karibu 425. Ofisa anayeweza kuhesabu ng'ombe mmoja mmoja ameshindwa kuhesabu watu waliombebea hema, sanduku la dawa na risasi. Sisemi hivyo kumsuta; wote waliandika hivyo. Nasema huu ndio utaratibu wa barua zenyewe: anayefanana na msomaji hupewa jina, anayeogopesha hupewa idadi, anayebeba mzigo huachwa. Mjukuu akiisoma Berlin haoni pengo, kwa sababu orodha inamtosha. Isomwe Bujumbura, swali la kwanza litakuwa: wapagazi wa nani?

Sasa nifike kwenye jambo lililonivuta zaidi. Barua na taarifa za Wajerumani wa sehemu hizi zimejaa maneno ya Kiswahili ambayo hayakutafsiriwa. Safari, boma, askari, pori, bwana, sultani, shauri, bibi. Yameandikwa kwa tahajia ya Kijerumani, yakapewa herufi kubwa kama nomino zao zote, yakakaa ndani ya sentensi kama mgeni aliyekaribishwa kitini. Nayaona maneno haya kuwa alama za vidole. Pale Mdachi anapoacha lugha yake akaandika neno letu, ndipo mtu mwingine anapoingia chumbani: mkalimani, karani, mpishi, mwanamke. Mwandishi alihitaji neno kwa sababu jambo lenyewe alilipokea kupitia kinywa cha mtu huyo.

Sultani, kwa mfano. Mwami wa Burundi hakuwa sultani. Alikuwa mwenye ngoma, karyenda, na nchi yake iligawanywa kwa baganwa, watu wa ukoo wa kifalme, ambao baadhi yao walimtii pale tu walipotaka. Neno sultani lilitoka pwani, na pwani lilimaanisha mtu mwenye bendera, hazina na amri inayofika. Mwenye kulileta Usumbura ni Mswahili, na Mjerumani akalipokea pamoja na picha yake. Kwa hiyo walipomtafuta "sultani" wa Urundi walikuwa wakimtafuta mtu ambaye angeweza kutoa amri moja na nchi yote ikanyamaza. Walipokuta mabishano ya baganwa, wakaona fujo au hila. Kwanza wakajaribu kumvunja Mwezi, baada ya hapo wakageuka wakajaribu kumjenga. Siwezi kusema neno moja ndilo lililoleta siasa hiyo, lakini msomaji wa Kijerumani akikutana nalo leo hulipita kama cheo tu, na Mrundi anayejua Kiswahili atasimama hapo.

Shauri lina mambo zaidi. Katika Kijerumani cha koloni, "Schauri" lilikuwa baraza la kusikiliza kesi: ofisa ameketi kibarazani, wadai wamechuchumaa uani, mkalimani amesimama katikati, na mwisho hukumu, pengine na kiboko. Kwa Mswahili shauri ni kitu kingine. Watu hula shauri. Huketi, huulizana, mzee hutoa lake, kijana hunyamaza au huthubutu, na jambo linatoka likiwa la wote. Hata tunapomwambia mtu "shauri yako" kwa ukali, tunamrudishia uamuzi wake mwenyewe. Ofisa alichukua neno la kikao na kulifanya neno la mahakama ya mtu mmoja. Anapomwandikia mama yake kwamba asubuhi nzima alikuwa na mashauri, mama anamwona mwanawe akiwa hakimu mwenye subira. Waliochuchumaa uani waliitwa kwenye shauri, wakakuta kitu ambacho neno halikuwaahidi. Barua ni moja, neno ni moja, na udanganyifu uko ndani ya neno bila mtu yeyote kusema uongo.

Na bibi. Hili lina staha kwetu. Ni mke wa mtu, ni mama mtu mzima, ni nyanya. Kwenye mazungumzo ya maofisa wa Kijerumani lilikuwa jina la mwanamke Mwafrika anayeishi na Mzungu bila ndoa. Katika barua za kwenda kwa mchumba au kwa wazazi neno hili halitarajiwi, na likitokea katika barua kwa rafiki hutokea kwa mzaha. Anayejenga mti wa ukoo wake kwa barua za babu ajue kwamba kuna tawi ambalo barua ziliandikwa zisilionyeshe.

Najua pingamizi la hoja hii ya maneno. Mtu atasema maneno haya yalikuwa mapambo tu, kijana wa Prussia akijivunia mbele ya dada zake kwamba amekuwa mtu wa Afrika. Kwa sehemu ni kweli. Neno safari lilipendwa kama manukato, na aliyekaa miezi mitatu aliandika "bwana" kila mstari. Lakini pambo na hitaji havifanani. Pambo linaweza kuondolewa na sentensi ikabaki na maana yake: andika mwendo badala ya safari, msomaji hapotezi kitu. Hitaji haliondoki. Jaribu kutafsiri Schauri kwa neno moja la Kijerumani, utapata ama mkutano ama kesi, na mwandishi alikuwa na vyote viwili mbele yake. Kigezo hicho kinatosha kuanzia kazi, na hakihitaji profesa. Kinahitaji mtu aliyekulia ndani ya Kiswahili.

Kuna maandiko mawili yaliyokufa hapa, si moja. Barua za Wajerumani wa wakati ule ziliandikwa kwa mwandiko wa Kurrent, wenye herufi zilizochongoka kama meno ya msumeno, ambamo n na u ni mistari miwili ileile na kinachozitenganisha ni kikono kidogo kilichopindwa juu ya u. Mwandiko huo ulipigwa marufuku mashuleni mwaka 1941, na leo Mjerumani wa kawaida haoni chochote katika barua ya babu yake isipokuwa tarehe. Upande wa pili, Waswahili waliofika Usumbura kutoka Ujiji na pwani, wakiwa askari, wafanyabiashara na makarani, walikuwa na barua zao pia, kwa herufi za Kiarabu: salamu ndefu za heshima, kisha "ama baada", kisha jambo lenyewe kwa Kiswahili. Nazo zina mitego yake, kwani herufi ya b inaweza kubeba p, na kwa mkono fulani hata mb. Carl Büttner alichapisha mkusanyo wa maandiko ya namna hiyo huko Ujerumani mwaka 1892. Shule za serikali na gazeti la Kiongozi, lililotoka Tanga tangu 1904, zikaeneza herufi za Kilatini, na mwandiko wa zamani ukarudi madrasa. Mjukuu wa karani aliyeko Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, na mjukuu wa ofisa aliyeko Bremen wako sawa kabisa: wote wana karatasi za babu wasizoweza kuzisoma. Na kabla ya reli barua za wote wawili zilitembea kwa miguu ya watu haohao, matarishi, kwa njia ya zaidi ya kilomita 1,200 hadi Dar es Salaam.

Watu wa tekinolojia watacheka hapa. Majalada ya koloni yaliyoko Berlin mengi yameshapigwa picha na kuwekwa kwenye mtandao, na programu ya Transkribus, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Innsbruck, inasoma Kurrent kwa kasi isiyo na mfano. Ya nini basi kusafiri? Nakubali manufaa yake, tena kwa shukrani, kwa sababu bila mtandao Mrundi anayetafuta historia ya miaka hiyo angelazimika kufika Dar es Salaam, Berlin na Brussels, miji mitatu yenye makaratasi ya mtawala mmoja. Lakini turudi kwa mukeke na mgebuka. Anayeandika Bujumbura hapati kitu, aandike Usumbura. Anayeandika Mwezi Gisabo hapati kitu. Wajerumani walimwandika Kissabo. Mashine itaisoma herufi kwa herufi, na haitajua kwamba Kissabo wa Berlin na Gisabo wa Muramvya ni mtu mmoja, mpaka iambiwe na mtu anayejua jinsi Kirundi kinavyotamkwa. Kampasi ya chuo kikuu iliyoko Mutanga ina vijana wenye Kirundi, Kifaransa na Kiswahili vichwani mwao. Mjerumani mmoja na wanafunzi watatu juu ya picha moja ya barua wangefanya kwa wiki moja kazi ambayo mtafiti mmoja mmoja hujifia nayo.

Barua kusomwa kutoka pande mbili si ndoto. Sayyida Salme wa Unguja alitoroka 1866, akaolewa na Heinrich Ruete mwaka uliofuata, akaachwa mjane Hamburg mwaka 1870 na watoto wadogo watatu, akawa Emily Ruete mpaka kufa kwake 1924. Pamoja na kumbukumbu zake za 1886 aliacha barua ndefu za kumweleza rafiki wa nyumbani maisha ya ugenini, zilizochapishwa miaka mingi baada ya yeye kufa. Aliziandika kwa Kijerumani, lugha ambayo Unguja ya wakati wake ilikuwa na wasomaji wa kuhesabika. Familia yake ilikuwa ya Kijerumani na mhamiaji ndani yake alikuwa Mzanzibari, na ndiyo maana barua zake haziwezi kuachiwa Wajerumani peke yao. Mji Mkongwe leo una makumbusho yake, na wanaopita pale wanasoma katika maneno yake baridi, upweke na nyumba zisizo na baraza kwa namna ambayo msomaji wa Hamburg haisomi.

Pingamizi zito zaidi ni la uchache. Wajerumani walikaa Burundi miaka isiyofika 20, Wabelgiji 46; kwa nini kuwahangaikia waliopita kama mvua ya Septemba? Jibu langu liko dukani. Kwenye butike yoyote ya Mutanga Nord, kijumba chenye dirisha la waya, mikate ndani ya karatasi, sabuni zimepangwa kama matofali na kadi za simu zimening'inia, mtoto aliyetumwa hutandaza noti kwenye mbao za dirisha na muuzaji huzihesabu. Noti zimeandikwa faranga. Mdomoni ni amahera. Neno hilo limetokana na heller, sarafu ndogo ya Kijerumani iliyoingia kutumika kuanzia 1904, mia kwa rupia moja, ndugu wa hela yetu ya Tanzania. Faranga ilikuja na Wabelgiji, nchi ikapata uhuru 1962, fedha imehamia hata kwenye simu, na neno la Wadachi halijatoka. Waliopita upesi waliacha kipimo cha thamani katika midomo ya watu. Kadhalika picha walizochora za Wahutu, Watutsi na Watwa, nani mrefu, nani mtawala kwa asili: nyingi ziliandikwa na wapitaji wa wiki chache, zikaingia vitabuni, na Wabelgiji wakazikuta tayari. Burundi imelipia picha hizo kwa gharama ambayo sina haja ya kuitaja.

Limebaki la siri. Barua ni mali ya familia, na aliyeandika "mpenzi mama" hakuandika kwa ajili ya semina. Naliheshimu hilo. Lakini siri ya familia moja inaweza kuwa cheti cha kuzaliwa cha nyingine. Aprili 2019 waziri mkuu wa Ubelgiji, Charles Michel, aliomba radhi kwa watoto waliozaliwa na baba Mzungu na mama Mwafrika Kongo, Ruanda na Burundi, kisha wakatengwa na mama zao na kupelekwa kwenye makao ya wamisionari. Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Brussels ikawapa haki wanawake watano waliozaliwa Kongo waliofanyiwa hivyo. Watu kama hao wamezeeka wakiomba kitu kidogo sana: wafunguliwe makaratasi waone jina la mama. Ikiwa makaratasi ya serikali yana uzito huo, barua ya Mjerumani yenye neno bibi katikati ya mstari haiwezi kuwa ya wajukuu wa upande mmoja tu.

Kutoka barabara za juu za Mutanga Nord unaona kwa macho jambo ambalo barua hazilisemi. Kituo cha Usumbura kiliwekwa ufukoni kwa ajili ya kulichunga Dola Huru ya Kongo. Mpaka wa Rusizi na Kivu ulikuwa ukigombaniwa, waasi wa Batetela, askari walioigeuka dola hiyo, walikuwa ng'ambo, na ubishi haukwisha hadi mkutano wa Brussels wa 1910. Ofisa aliyekaa mezani akiandika nyumbani alikuwa na ziwa mbele na Burundi nyuma. Ndiyo maana maandishi ya kituo yana mawimbi, machweo, joto, mbu na majirani Wabelgiji, na nchi yenye watu wengi iko kisogoni, vilimani, ikitajwa pale tu inapodaiwa ng'ombe. Ufuko wenyewe ulihamishwa watu wakati wa malale. Atakayesoma sifa za ukimya wa Imbo katika barua ya miaka hiyo akumbuke kwamba ukimya huo ulikuwa na amri ya serikali nyuma yake. Mwaka 1912 Wajerumani waligundua kosa lao, wakahamishia makao Gitega, katikati ya nchi, wakabakiwa na miaka minne. Warundi wenyewe walihamishia mji mkuu wa kisiasa Gitega karne moja baadaye, mwaka 2019, na kuiachia Bujumbura biashara.

Hata hivyo baraza nyingi za Mutanga Nord zimejengwa zikitazama ziwa, kwa ajili ya upepo na jua linapozama nyuma ya Uvira. Anayetaka kuona vilima huzunguka nyuma ya nyumba, jikoni, ambako makaa yanapepewa, ndagala zinakaangwa, na Kirundi na Kiswahili vinapishana juu ya sufuria moja.